Tamasha la Lamu huenda na maji: jibu kwa mwalimu wa Nakuru

Mwalimu mmoja wa Nakuru ameniandikia hivi: «Mwaka juzi mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikuja Lamu kwa Tamasha la Utamaduni, kwa kuwa tulisikia sifa za vyakula vya baharini na kazi za sanaa. Tulifika Ijumaa adhuhuri tukakuta milango imefungwa. Tuliona mbio za punda, tukala samaki wa kukaanga aliyekwisha kupoa, tukanunua kinyago ambacho baadaye tuliambiwa hakikutoka Lamu, na Jumapili asubuhi tukaondoka kabla ya mashindano ya majahazi. Tulikosea wapi? Tunataka kurudi, na safari hii mwanangu wa miaka 12, ambaye hupenda kuchora, ataka kuona mafundi wakiwa kazini.»

Mwalimu, ahsante kwa barua yako. Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa Lamu na nimewatembeza wageni katika mji huu kwa miaka mingi, kwa hiyo nakiri kwamba iliniuma kusoma kuwa familia imesafiri kutoka Bonde la Ufa hadi kisiwani kwetu ikaondoka na samaki baridi. Kosa lenu ni moja, na ndilo wanalolifanya wageni wengi: mlilifuata tamasha kwa saa ya mkononi na kwa karatasi ya ratiba, ilhali Lamu ni mji unaokwenda kwa maji kupwa na maji kujaa, na kwa adhana. Mkilipata hilo, mengine yote mliyoyakosa yatajipanga yenyewe.

Kwanza tuelewane ni shughuli ipi tunayoizungumzia. Tamasha la Utamaduni la Lamu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati uleule ambao Mji wa Kale wa Lamu ulikuwa ukiingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, jambo lililofanyika mwaka 2001. Mara nyingi hufanyika mwezi wa Novemba, lakini tarehe hubadilika, kwa hiyo msikate tiketi kabla ya kuuliza serikali ya kaunti au ofisi ya makumbusho mjini. Watu wengi hulichanganya na Maulidi, kwa kuwa huko pia kuna mbio za punda na mashindano ya vyombo. Maulidi ya Lamu ni ibada kwanza. Yanahusiana na Msikiti wa Riyadha na kumbukumbu ya Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi, hufuata mwezi wa Mfunguo Sita, na mgeni anayekuja humo huja kama mgeni wa waumini. Unalolitaka wewe, yaani chakula, ngoma, mashairi na kazi za mikono vikiwekwa hadharani kwa makusudi, ni lile la kwanza.

Sasa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu huwa katika bamvua: maji hukupwa sana na kujaa sana, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufikia karibu mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na mwambao huu una utaratibu ambao kila mvuvi anao kichwani: siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, ilhali siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa kama saa nne asubuhi na kukupwa kama saa kumi. Kwa hiyo, mkishajua tarehe za tamasha, itazameni kalenda ya mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Wikendi ya tamasha ikiangukia bamvua, asubuhi mtawakuta watu miambani wakitafuta pweza na kaa, na alasiri mkondo utajaa maji ya kutosha kwa vyombo kushindana. Ikiangukia maji mafu, yatarajieni mashindano mapema zaidi, na pweza wasiwe wengi sokoni.

Hapa ndipo chakula kinapoanzia. Samaki mliyekula amepoa, bila shaka, alikaangwa asubuhi ili auzwe mchana kutwa kwa watu wenye haraka, na wenye haraka mlikuwa nyinyi. Pweza anayevuliwa mwambani saa nne asubuhi hufika mjini adhuhuri, hupigwapigwa ili alainike, huchemshwa, na huwa tayari kwa mchuzi wa nazi baada ya Magharibi. Changu na tewa wa mishipi na madema hushushwa kulingana na chombo kilivyorudi, na Novemba ni mwezi mwema kwa hilo: pepo kali za kusi zimekwisha, kaskazi bado haijashika vizuri, bahari iko katika malelezi, na hata vyombo vidogo huweza kutoka. Anayekuja Juni au Julai, kusi likiwa limechachamaa, hula kile ambacho wavuvi wamethubutu kukifuata.

Nendeni soko la samaki lililo kando ya ngome, si kwa kununua tu bali kwa kujua siku hiyo bahari imetoa nini. Mtazame samaki jicho, liwe angavu na limejaa, halijatumbukia ndani. Funua shavu lake uone wekundu. Bonyeza nyama kwa kidole na nyama irudi. Mkishamjua wa siku hiyo, agizeni chakula cha jioni wakati wa Alasiri, kwa mama wa nyumba mtakamofikia au kwa muuzaji mtakayemchagua pwani, na mwulizeni bei kabla hajawasha makaa. Chakula cha Lamu ni cha kuagizwa, na anayekuja kukitafuta akiwa na njaa tayari hupata kilichobaki.

Ningependa watoto wako waone samaki wa kupaka akipikwa tangu mwanzo. Hupasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, akapakwa thomu na tangawizi iliyopondwa, chumvi, pilipili na ndimu, kisha akawekwa juu ya makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, bila mwale wa moto. Pembeni, tui zito la kwanza linapikwa polepole kwa ukwaju mpaka linashikamana na mwiko. Samaki akishaiva, ndipo mpishi huanza kumpaka tui lile kwa tabaka, akimgeuza, akimpaka tena, na kila tone linapoangukia makaa hutoa moshi wenye harufu ya nazi iliyoungua kidogo, na moshi huo humrudia samaki. Huyo lazima aliwe palepale. Akikaa nusu saa, tui hukatika na mafuta hujitenga, na hakuna mpishi anayeweza kumrekebisha.

Pamoja naye, ulizeni mkate wa mofa, ambao kwa maoni yangu ndio chakula cha Lamu kinachodharauliwa zaidi na wageni, labda kwa sababu hauna rangi ya kuvutia. Mofa ni jiko lenyewe, chungu kikubwa cha udongo kinachotiwa moto ndani mpaka kuta zake zinapata joto kali. Mpishi huchukua donge la unga wa mtama, hulowesha kiganja chake, huingiza mkono ndani ya jiko na kuubandika mkate ukutani kwa pigo moja, kisha huutoa mkono kabla joto halijamshika. Mkate hubanduka ukiwa mgumu nje na laini ndani, na kazi yake ni kunywa supu ya samaki.

Kuhusu kamba mti, yule mkubwa wa magamba ambaye wengine humwita kamba koche, nina neno la kusema kwa uzito. Wazamiaji wa visiwa vya kaskazini, hasa upande wa Kizingitini, wana ufundi wa ajabu: huteremka na pweza kwenye kijiti, humwonyesha pweza huyo mlangoni mwa pango la mwamba, na kamba, ambaye pweza ni adui yake, hutoka mbio akakamatwa. Ni kazi ya pumzi ya mtu mmoja kifuani, na bei yake iheshimiwe. Lakini mkiona kamba jike mwenye mayai chini ya tumbo, kama shanga ndogo za rangi ya machungwa au kahawia, msimnunue hata akipunguzwa bei nusu, kwa maana kumvua mwenye mayai kumekatazwa, na anayemlipia mvuvi ndiye anayemtuma tena. Vivyo hivyo kitu chochote cha ng'amba, iwe bangili, kitana au pete: kasa wa bahari hii wanalindwa na sheria, na mnaweza kuzuiliwa nacho uwanja wa ndege.

Nije kwenye kinyago chenu. Hukusema kilikuwa cha nini, lakini kwa kuwa ni kinyago, nadhani kina sura ya mtu au ya mnyama, na hiyo pekee ingewatosha kujua. Uchongaji wa Lamu umekulia katika mji wa Kiislamu, na tangu zamani haukuchonga viumbe wenye roho. Hujaza mbao kwa maua, majani, minyororo, mawimbi na maumbo ya mistari. Vinyago vingi vya wanyama vinavyouzwa pwani huchongwa Ukambani, na vile vya mawe laini hutoka Kisii. Ni kazi za mafundi wenye heshima zao, nanyi msikitupe kinyago chenu, ila aliyewauzia kama kazi ya Lamu hakuwatendea haki. Kazi yetu ya mbao ni mlango na fremu yake, sanduku, kiti cha enzi, ubao wa bao na fremu za vioo. Siku hizi wako pia wasanii wanaochora juu ya vipande vya matanga makuukuu na mbao za vyombo vilivyovunjwa, kazi changa kwa umri lakini yenye mizizi hapahapa, na ni rahisi kuibeba hadi Nakuru kuliko mlango.

Kofia ndiyo itakayowafundisha subira. Kofia ya mkono ya Lamu ni kitambaa cheupe kilichotobolewa vitundu vidogo sana, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kisimame chenyewe kama pete. Mshonaji hufuata mchoro uliopigwa juu ya kitambaa, hushona sehemu ya mzunguko na sehemu ya juu mbalimbali, na kofia moja nzuri huchukua wiki kadhaa, nyingine miezi. Ipitishe mbele ya mwanga: vitundu vikiwa sawasawa na vya duara, na upande wa ndani ukiwa nadhifu karibu kama wa nje, imeshonwa kwa mkono wa fundi. Ya cherehani hutambulikana kwa nyuzi zinazoruka upande wa ndani. Mkisikia bei ya kofia ya mkono mkashtuka, igawanyeni kwa siku zilizotumika kabla ya kuanza kupatana. Kupatana ni desturi yetu na hakuna anayeudhika nako, ila kuna kiwango ambacho ukiishusha bei hadi hapo unamwomba fundi akushonee bure.

Kwa mikeka, msiishie kwenye meza za tamasha. Kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, ndiko wanawake wanakosuka na ndiko mafundi wanakounda vyombo, na mnaweza kufika kwa punda, kwa miguu au kwa mashua maji yakijaa. Nenda huko siku moja kabla ya tamasha kuanza, wakati wenyeji wana nafasi ya kuzungumza. Wakati wa tamasha kila mtu anauza, na muuzaji hana muda wa kueleza.

Mashindano ya vyombo mliyoyakosa ndiyo ningewaomba mlipangie safari nzima. Msiyatazame kutoka gati kuu, ambako mtaona migongo ya watu. Tafuteni nyumba yenye dari ya juu upande wa pwani, au lipieni nafasi katika chombo kitakachotia nanga karibu na alama ya kugeukia, katika mkondo kati ya Lamu na Manda. Pale kwenye alama ndipo ufundi unapoonekana. Tanga letu la pembe tatu limefungwa kwenye foromali, yaani mti wa kushikilia tanga, ndefu kuliko chombo chenyewe wakati mwingine, na chombo kinapogeuka, foromali hiyo lazima isimamishwe wima na tanga lipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, huku mkondo unavuta na chombo kingine kiko umbali wa mkono. Mabaharia wawili au watatu hutoka nje juu ya ubao uliotokezwa ubavuni ili uzito wao uzuie chombo kisipinduke, na magunia ya mchanga huhamishwa upande hadi upande ndani. Nahodha hasemi sana wakati huo. Aliyepoteza pumzi mbili tu katika kugeuza tanga huwa ameshindwa, hata kama mbio zimebakia nusu, na wazee walioketi pwani hulijua hilo kabla ya watazamaji wengine kupiga kelele.

Ngoma na mashairi hufanyika sana katika uwanja wa Mkunguni na ndani ya ngome, jengo lililojengwa kati ya 1813 na 1821 na ambalo lilikuwa jela hadi 1984. Goma la wazee lililo kimya na pole, wanaume wamepanga mstari wakiwa na kanzu na bakora, huwachosha wageni waliozoea ngoma za kuruka. Litazameni kwa robo saa bila kuondoka, mtaanza kuona jinsi mstari mzima unavyoinama kama chombo kwenye wimbi. Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa zumari, utawapendeza watoto mara moja. Katika mashairi mtasikia Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na wewe kama mwalimu utafurahi: macho ni mato, njia ni ndia, njaa ni ndaa, maji ni mai. Msiogope kumwomba mtu wa jirani awafasirie; yeyote mtakayemwomba atakushukuruni kwa kuuliza.

Kuhusu Ijumaa, mji hufunga kwa Swala ya adhuhuri, na hakuna ratiba itakayoubadilisha. Fikeni Jumatano au Alhamisi asubuhi. Basi kutoka Mombasa au Malindi hupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo mashua ya abiria huchukua kama nusu saa. Safirini mchana, na ulizeni hali ya usalama wa barabara kabla ya kuondoka, kwa kuwa kuna nyakati magari hupewa wasindikizaji wa polisi. Wanaokuja kwa ndege hushuka kisiwa cha Manda na kuvuka. Malazi hujaa mapema, na nyumba za Shela hujaa kabla ya zote. Mjini karibu hakuna magari, kwa hiyo mzigo mwepesi ni fadhila kwenu na kwa punda. Maji baridi ya mji hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na wiki ya tamasha hutumiwa na watu wengi kupita kawaida. Waambieni watoto wasiyaache yakitiririka.

Kama mmoja wa watoto wako ni binti, atataka kupakwa hina. Mpeleke, lakini mwulize mpakaji kama ni hina ya majani au piko. Piko, ile nyeusi sana inayokauka upesi, mara nyingi ni rangi ya nywele, nayo huweza kuunguza ngozi ya mtoto na kuacha malengelenge. Hina ya kweli hutoka na rangi ya machungwa kwanza, kisha hukolea siku ya pili.

Na mwanao anayechora: mnunulieni daftari lisilo na mistari na penseli laini, mje naye pwani ya Langoni asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla mafundi seremala hawajazungukwa na watu. Amsalimie fundi kwanza, kwa shikamoo, aombe ruhusa ya kukaa, kisha akae chini asiulize kitu kwa muda. Fundi huchora maua yake kwa penseli moja kwa moja juu ya ubao, akianzia katikati na kwenda pande zote mbili ili zilingane, ndipo hushika patasi na nyundo ya mti na kuanza kuondoa kile ambacho si ua. Baadaye mpitisheni njia kuu ambayo wazee waliiita Usita wa Mui, ahesabu milango iliyochongwa, na muende naye kwenye nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, ambako vidaka, yaani vijishubaka, vya plasta vimechongwa ukutani safu juu ya safu. Akichora kidaka kimoja tu hadi mwisho, kisha akarudi kwa yule fundi na kumwonyesha daftari, ninavyowajua mafundi wetu, atapewa kipande cha ubao na patasi ndogo ajaribu.